Injini ya Mgiriki na Pembe ya Nesi Bibiana

Zubeiri wa Pongwe alikuwa fundi mbishi, na sitamsingizia upole leo. Ungemwambia chuma hiki cheusi, angekipangusa kwanza ndipo akujibu. Ubishi ulimwisha mbele ya mtu mmoja tu, Bibiana, nesi wa zahanati ya shamba la mkonge, mama wa makamo aliyeteremka kutoka Usambara na rozari yake shingoni.

Mwaka wa 1954 Mastura, mke wa Zubeiri, alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, akapakiwa kwenye lori la mkonge kupelekwa hospitali Tanga. Lori lilinguruma njia nzima. Bibiana aliinamia tumbo na pembe yake ya mti, ile ya kusikilizia moyo wa mtoto, asisikie kitu. Walipofika, mtoto alikuwa keshakwenda, na hakuna aliyejua amewaacha wapi njiani. Mastura mwenyewe alipona kwa mikono ya Bibiana, na jambo hilo Zubeiri hakulisahau hata siku moja.

Miaka miwili baadaye Mastura alikuwa na mimba ya miezi minane, na gari ambalo zahanati ilipata baada ya msiba ule limepasuka injini. Mgiriki mmoja wa pale shambani, aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, akaitoa injini ya gari lake la mashindano, ya ukoo mmoja na ile iliyopasuka. Zubeiri alimshukuru mpaka Mgiriki akaona haya.

"Shikamoo, mama nesi. Gari letu limepata injini."

"Marahaba. Nitasikia humo ndani, fundi? Nisiposikia, hilo ni lori lile lile."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Injini ile ilizoea mbio. Ukiipunguza mwendo ilitetemeka na kukohoa, na valvu zake ziligonga mpaka nyumba ya tatu. Oili yake haikukaa chini ya injini bali kwenye tangi la pembeni, pampu moja ikiipeleka, ya pili ikiinyonya kuirudisha, na asubuhi ilitaka kupashwa moto kwa subira kabla haijakubali kwenda. Mwenye uchungu atangoja hayo?

Basi Zubeiri akaifungua injini iliyokufa, achukue kilichokuwa kizima. Akachukua sampu, lile karai la chini la kukalia oili, akalifunga kwenye injini ya Mgiriki. Tangi akaling'oa, pampu ya kunyonya akaiziba, na ile iliyobaki akairefushia bomba mpaka likafika ndani ya karai. Akatoa na kemshafti ya mashindano, mhimili unaosukuma valvu, akatia ya gari la zahanati pamoja na springi zake laini.

Ila alikuwa na desturi aliyofunzwa na mafundi wa zamani wa Tanga: usiikaushe injini kabisa, iachie oili yake kidogo ili chuma kisishtuke. Akaiacha, akamimina mpya juu yake. Kesho yake, kabla hajaiwasha, akachomoa kijiti cha kupimia. Kimetoka na uji mzito badala ya oili.

Akakaa chini. Siku zimebaki chache, naye hajui amekosea wapi. Nawaambia, alilia.

Bibiana alipopita kuulizia gari, aliinamia debe la oili iliyomwagwa kutoka injini ya Mgiriki, akanusa.

"Fundi, hii ni nyonyo."

"Nyonyo gani, mama? Hii oili ya mashindano."

"Mafuta ya nyonyo nimewanywesha watu miaka ishirini, leo unibishie wewe? Haya hayapatani na mafuta ya mashine. Yanataka spiriti."

Akaenda zahanati, akarudi na chupa ya spiriti yake ya kusafishia sindano, akampa yote. Zubeiri akafungua kila kitu upya, akaosha kila tundu, akakausha, akafunga. Ilipowaka, aliinamia valvu, ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni ili asikie, akazirekebisha moja moja mpaka kugonga kukabaki mnong'ono.

Siku ya tisa tangu hapo, baada ya alasiri, Mastura akashikwa. Gari liliwaka mara moja. Zubeiri akashika usukani, Bibiana nyuma na pembe yake.

"Fundi, nyamaza."

"Sijasema kitu, mama."

"Unasoma dua kwa sauti."

Akanyamaza. Injini ikaenda taratibu.

"Yupo," Bibiana akasema. Wakapita mashamba ya mkonge. "Yupo." Wakaingia mjini. "Bado yupo, twende."

Jioni ile alizaliwa binti. Zubeiri alimshika Bibiana mikono yote miwili, asante akaianza upya mara mbili. Kisha akaomba aazimwe ile pembe. Akaiweka kifuani mwa mwanawe, akasikiliza. "Yupo, mama," akasema.