Mtungi Uliofanana na Mama Mkwe

Kule Musonoi kila mtu atakusimulia habari za Symphorien mfinyanzi, na kila mmoja atatia chumvi yake. Usiwasikilize. Nusu yao hawakuwepo, na nusu nyingine walikuwa wameshalewa lutuku kabla mtungi haujafunuliwa. Habari yenyewe, kama ilivyotokea, ni hii hapa.

Symphorien alikuwa mchimbaji wa madini kama vijana wenzake. Alishuka mashimoni upande wa Mashamba mpaka siku udongo ulipomporomokea ukamfunika mpaka kiunoni. Walipomvuta nje, akatangaza kwamba udongo ukimtaka tena utamkuta juu, si chini. Akashika kazi aliyoiona kwa bibi yake, ya kufinyanga. Ila bibi alifinyanga vyungu tu, na huyu bwana alifinyanga watu. Mtungi wake una mabega. Mikono iliyoshika kiuno ndiyo mishikio yake. Kifuniko ni nywele zilizofungwa fundo. Ukitia maji asubuhi, mchana unakunywa ya baridi, huku mtungi unakutazama kama mtu anayehesabu umekunywa vikombe vingapi. Alijivuna sana kwa ajili ya mitungi ile, na kusema kweli alikuwa na haki ya kujivuna, angalau nusu.

Sasa akina mama wa parokia wakamwomba mtungi mkubwa wa maji ya kunywa, uwekwe ukumbini siku ya sikukuu. Symphorien akatafuta sura ya kuupa. Sura ya mwanamke aliyoijua vizuri ilikuwa moja tu, ya mke wake Noëlla, mwimbaji wa korali, na umbo la mwanamke alilolijua vizuri lilikuwa lilelile. Akamfinyanga mkewe bila kumwambia: shingo, kifua wazi, tumbo, kitovu kilichotokeza kidogo. Akajiambia hakuna atakayelitambua umbo lile, maana hakuna mwingine aliyewahi kuliona. Hesabu nzuri, hata wewe unayecheka ungeipiga hivyohivyo.

Kosa lake lilikuwa haraka. Sikukuu ilikaribia na udongo ulikuwa bado na maji mengi. Badala ya kuuacha mtungi kivulini ukauke taratibu, akauanika juani. Mashavu ya Noëlla yakashuka. Pembe za mdomo nazo zikashuka. Chini ya macho udongo ukasinyaa, ikatokea mistari. Moto ulipomaliza kazi yake, moshi ukaacha kivuli juu ya jicho la kushoto, likaonekana limefumba kidogo, kama la mtu anayekataa jambo kabla hujaliomba.

Symphorien akauzunguka akiutazama. Aliona mke wake amezeeka motoni. Basi, akasema moyoni, mwanamke mzee ana heshima yake.

Lazima uelewe jambo moja. Katika ukoo wa Noëlla, mkwe wa kiume hamtazami mama mkwe usoni. Akimkuta njiani, anaingia majanini. Kanisani Symphorien alikaa benchi za mbele ili mama Laurentine awe nyuma yake. Tangu aoe, alimjua mama yule kwa miguu tu: kisigino kilichopasuka, kandambili za bluu, kidole kidogo kisicho na ukucha. Kwa hiyo katika Musonoi nzima kulikuwa na mtu mmoja tu asiyeweza kuutambua uso ule uliotoka motoni, na ndiye aliyeufinyanga.

Siku ya sikukuu akaupakia mtungi kwenye pikipiki ya taxi-moto, umefungwa shuka kama mgonjwa. Ukumbini watu wamejaa. Akavuta shuka kwa madaha.

Jocelyne wa korali, ambaye mdomo wake haujui breki, akasema, "Lakini huyu ni mama Laurentine."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

"Eh, Sympho," jirani yake Stany akapiga kelele toka nyuma, "mama bukwe yako unamuvulishaka manguo?"

Symphorien akainamisha kichwa kama alivyozoea, na pale chini akaziona kandambili za bluu. Zilisimama. Zikapita katikati ya ukumbi polepole, mbele ya watu wote, zikatoka. Nyuma yake ikafuata miguu ya Noëlla. Usiku ule Noëlla hakurudi nyumbani. Likaja neno kutoka kwa wakwe: atabaki kwao mpaka Symphorien aje kusafisha macho yake.

Hapo ndipo akili ikamruka. Akisema ule ni uso wa mama Laurentine, amekiri kumtazama mama mkwe, tena akiwa uchi. Akisema hapana, ule ni mwili wa mke wangu, amemvua Noëlla nguo mbele ya katekista na korali nzima. Alitamani lile shimo la Mashamba limrudie, safari hii lifike kichwani.

Akaenda na kuku na kitambaa cheupe, malipo ya kusafisha macho. Tata Baudouin, baba mkwe, alikuwa ameketi uani na ndugu zake. Mama Laurentine alikuwa ndani, nyuma ya kitenge kilichotundikwa mlangoni.

"Symphorien, mutoto wangu," tata Baudouin akaanza, "mama yako ulimuangalia wapi?"

Symphorien akainamisha macho. Kando ya jiko aliona miguu ya Noëlla, vidole vimejikunja mchangani. Akachagua.

"Ku kanisa, tata. Alikuwa anaimba. Niligeuka nyuma, nikainua macho."

"Na kifua?" akauliza Mulumba, mjomba wa Noëlla. "Ni kanisa gani ile, na mi nikuje kusali?"

Watu wakacheka mpaka kuku akaogopa.

"Kifua... nilifikiri tu, mujomba."

"Alifikiri tu," Mulumba akawaambia wenzake. "Mukwe wetu anafikiriaka."

Tata Baudouin, ambaye hakucheka, akamwamuru Symphorien aende kwa magoti mpaka mlangoni aweke kuku na kitambaa. Akaenda. Alipoinama, sauti ikatoka nyuma ya kitenge, ndogo, ya yeye peke yake.

"Ile kifua haiko yangu."

Symphorien akabaki na kuku mkononi.

"Mi nilinyonyesha batoto saba. Unafikiri sijui ni ya nani? Ile kitovu, ni nani alikuwa anaioshaka?"

"Mama, nisamehe."

"Nyamaza. Noëlla anaimbaka mbele ya batu bote. Mi niko muzee, batanicheka, kisha batachoka. Endelea kusema ni mi."

Hapo akaelewa kwa nini kandambili zile zilipita polepole katikati ya ukumbi. Mama alikuwa akiyavuta macho yote yamfuate yeye, yasibaki kwenye mtungi. Symphorien alidhani anabeba uongo peke yake, kumbe mama mkwe alikuwa ameuinua kabla yake.

"Ndiyo, mama," akasema.

Jioni Noëlla akarudi naye nyumbani. Mtungi uko ukumbini mpaka leo. Akina mama wameufunga kitenge kifuani, na watu wanakunywa maji yake huku wakikohoa kicheko. Jioni ile, walipofika mlangoni, Noëlla akamgeukia.

"Ungesema ni mi," akasema, "ningebakia kule kule."

"Najua."

"Mama alikuambia nini, pale chini?"

"Alinitukana."

"Ni haki yako. Bahati yetu hakujua ni mwili wangu. Angejua, ningekufa na haya."

"Hakujua," Symphorien akasema. Na bwana yule, aliyeishi miaka yote bila kumtazama mama mkwe, sasa hakuweza kumtazama hata binti wa mama yule.