Samaki wa Paskali

Harufu ya klorini hunikasirisha mpaka leo. Wengine wakiinusa hufikiria usafi, hospitali, mashuka yaliyofuliwa. Mimi naiona sebule yetu ya Ndosho, magharibi mwa Goma, na hasira hunipanda kabla sijajua namkasirikia nani. Tuliishi katika nyumba ya mbao kama majirani wote, juu ya mawe meusi yasiyokuacha utembee pekupeku, na maji tulikuwa tukiyafuata ziwani, Kituku. Pale ufukweni, tangu kipindupindu kilipofagia watu, walisimama vijana wenye sirinji za klorini, na hakuna aliyeondoka bila bidoni yake ya maji kutiwa dawa hiyo. Ulikuwa mpango mzuri, umeokoa wengi, pengine hata mimi. Najua hivyo, lakini bado sitaki kuinusa.

Kaka yangu mkubwa, Paskali, alikuwa akijifunza kazi kwa fundi wa vioo huko Birere. Vipande vilivyobaki aliviunganisha kwa gundi ya madirisha, akapata sanduku la kioo, akaliweka juu ya kabati la sahani la mama bila kuomba ruhusa. Ndani akatia samaki aliowanasa kwa chandarua ufukweni; si sambaza, dagaa wa ziwa letu, ambao hufa ukiwagusa tu, bali wale wadogo wa kwenye mawe, ambao hakuna anayejisumbua kuwauza. Dume lilikuwa la buluu iliyokolea, na likiona uso wake kwenye kioo lilivimba kama askari wa kizuizi cha barabarani. Jike lilikuwa na rangi ya vumbi tu, lakini ndilo lililotushangaza, kwa maana lililea watoto mdomoni. Lilikaa majuma bila kula, mashavu yamejaa, na hata watoto walipoanza kutoka, wakiona kivuli walirudi mbio mdomoni mwa mama yao. Mama, aliyekuwa ameapa kuwakaanga wote, siku hiyo alivuta kiti akakaa mbele ya kioo mpaka maharage yakaungua. Paskali alikuwa na sharti moja: maji ya kubadilishia yasiwe na dawa ya Kituku, kwa sababu samaki hawaiwezi.

Kisha waasi waliotawala mji wakahitaji vijana. Walimchukua Paskali barabarani akitoka kazini, wakampandisha kwenye lori pamoja na wengine. Papa, baba yetu, alizunguka kambi zote, akarudi na viatu vilivyoisha. Miezi ikapita, wakarudi vijana wawili waliochukuliwa naye, wakasema walimwona akianguka msituni. Mmoja alisema amepigwa mguuni, mwingine kifuani. Ndugu za papa wakaanza kutusukuma tukae matanga, eti mtu asiyeliliwa hapumziki. Mama akakataa katakata. "Mutoto wangu hajakufa," aliwaambia. "Samaki yake iko muzima, na yeye iko muzima." Usiniulize mantiki ya maneno hayo, mimi niliyaamini kama sala. Tangu hapo maji ya samaki yakawa kazi ya mama. Alishuka ziwani, akachota mbali na vijana wa dawa, akaifunga bidoni mgongoni, akaifunika kwa kitenge kama amebeba mtoto, akapita mbele yao akiwasalimia. Kijana mmoja alimwambia, "Mama, mutoto wako ni munene sana!" akacheka, akamwacha apite.

Siku mlima wa volkano ulio juu ya mji ulipolipuka, mto wa moto ulikata mji katikati, ukaimeza Birere pamoja na karakana ya yule fundi wa vioo. Sisi wa magharibi tulikimbilia Sake, kila mtu na godoro lake kichwani. Mama alitaka kulibeba sanduku, papa akamvuta mkono mpaka nje. Huko Sake tulilala sakafuni kanisani. Tuliporudi, nyumba ilikuwa imesimama, mabati yamejaa majivu, na maji ya sanduku yamekuwa ya kijivu kwa majivu yaliyopenya. Lakini samaki walikuwa hai. Jike lilikuwa limekonda, na mashavu yake bado yamejaa watoto wa uzazi mwingine. Mama alilia kwa furaha, mikono yake miwili juu ya kioo. "Hajabameza," alisema. "Na njaa yote hii, hajabameza batoto."

Miguu yake ilikuwa imevimba kwa mwendo wa Sake, hakuweza kusimama. Mimi nilikuwa nikimkanda kwa maji ya moto, na papa akaichukua bidoni. Asiyetoka kwetu hatajua ukubwa wa jambo hilo. Mwanaume mwenye mke na binti hafuati maji. Majirani wakimwona watauliza kama amefiwa. Papa hakuwahi kufika pale ufukweni na bidoni, wala hakuwahi kusikiliza habari za samaki. Kwake ilikuwa michezo ya watoto. Siku ile alichomekea shati, akapanga foleni katikati ya wanawake, na zamu yake ilipofika aliomba atiliwe dawa zaidi ya wengine, kwa kuwa mji ulinuka maiti na alitaka maji safi kabisa. Alirudi mama amelala usingizi. Mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto. Akayamwaga maji ya kijivu, akatia mapya, akapangusa kioo kikang'aa. Alitaka mama aamke afurahi.

Mama aliamshwa na harufu. Samaki walikuwa wamelala ubavu juu ya maji, jike limeachama, na watoto wake wametapakaa kama punje za mtama. Papa alisimama na bidoni tupu mkononi. "Nilibaambia baongeze dawa," alisema, "juu ya samaki ya mutoto." Nilingoja mama apige kelele. Alirudi akaketi kitandani, akasema, "Papa Paskali, ita batu. Tukae matanga." Ningalikuwa na nguvu ningaliufunga mlango kwa misumari. Ndugu wakaja na fufu ya muhogo na makreti ya bia, wakaja upesi mno. Mama alinyoa nywele. Siku ya kumaliza matanga, nguo za Paskali ziligawanywa kama ilivyo desturi yetu, na shati lake la Jumapili likamwangukia binamu.

Paskali alirudi. Vita ile ilipokwisha na askari wa kila upande wakaunganishwa kuwa jeshi moja, alisimama uani kwetu na kovu shingoni, na wa kwanza kuonana naye alikuwa binamu ndani ya shati lile. Alilitazama shati, akamtazama mama. "Mulisha kunililia?" Mama alimshika uso, akampikia, lakini kila alipomtaja alisema "yule". Alikuwa amemtoa moyoni kwa uchungu mkubwa, na hakujua namna ya kumrudisha. Paskali aliliona hilo. Hakukaa, alienda kulima Kalengera, upande wa Rutshuru, akaoa huko, na papa alikufa bila kupata neno la kumwambia.

Sasa naandika haya Goma ikiwa tena mikononi mwa waasi, wengine, na lori zao zinapita kama zile. Mlima nao umeshamwaga moto mara nyingine. Nikipima wakati ule na huu, sioni kilichobadilika mjini ila simu. Paskali alikuwa akipiga kila Jumapili, nikimwekea mama spika, naye akisikiliza bila kusema. Tangu mapigano yafike Rutshuru, hajapiga. Juzi shemeji yake, kaka wa mke wake, alikuja kutoka upande huo akasema kwa sauti ya chini kwamba pengine tuanze kufikiria matanga. Mama, ambaye sasa haoni vizuri na hutembea kwa fimbo, aliinuka kwenye kiti.

"Nilimulilia mara moja, kumbe iko muzima," alisema. "Hii mara, hata mulete maiti, silii."

Shemeji aliondoka bila kumaliza chai. Mama akaniomba simu, akaikumbatia kifuani, akaanza kumwita kaka yangu kwa jina.