Siku 420 za Makoye Kula Peke Yake

Saa moja asubuhi, Makoye Maige anaitoa pete ya chuma motoni ikiwa nyekundu. Anaishika kwa koleo mbili ndefu, anaivalisha kwenye gurudumu la mninga na kuigonga nyundo mara nne. Mbao zinafuka moshi. Mkewe, Mariana, anamwaga ndoo ya maji, chuma kinalia chwaaa na kulibana gurudumu.

"Hapo pete haitoki tena hata gurudumu ulipeleke Mwadui na kurudi," anasema Makoye huku akijifuta jasho. Kisha anacheka. Kicheko hicho, majirani wanasema, hakijasikika hapa kwa mwaka mzima na zaidi.

Makoye, 51, ni fundi wa mikokoteni ya ng'ombe katika kijiji cha Bulyangoko, mwendo wa siku mbili kwa mkokoteni kutoka Geita mjini. Ni mmoja wa Ndugu, waumini wapatao mia tatu wanaoishi bila simu, bila umeme na bila chombo chochote chenye injini. Mjini wanaitwa "watu wa kandili." Wenyewe hawakasiriki, ila kupigwa picha hawataki, na Makoye alinikatalia kwa upole uleule ambao mtu hukatalia chai ya pili.

Ndugu hawaendi polisi pia. Mtu akikosa, husimama mbele ya kanisa, hutaja kosa lake, na husamehewa kabla jua halijazama. Asiyekiri hutengwa. Hasalimiwi, hauziwi kitu, hanunuliwi kitu, na hata mkewe haruhusiwi kula naye sahani moja.

Basi mwaka jana, mwezi wa nane, ghala la Ndugu liliungua. Mpunga wa kijiji kizima! Asubuhi yake, watu walikuta alama za magurudumu zimetoka kwa Makoye hadi mlangoni mwa ghala. Pete za mkokoteni wake zimeungwa kwa misumari mitatu, za wengine miwili. Hakuna mtoto wa Bulyangoko asiyeijua alama hiyo.

"Nikasema ndiyo, mkokoteni ni wangu, lakini aliyeuendesha si mimi," anakumbuka. "Nilikuwa kitandani, homa imenibana. Aliyeniona ni mke wangu, na mke kwetu hamtolei mumewe ushahidi."

Mkokoteni wa Ndugu haufungwi mnyororo. Anayeuhitaji anauchukua bila kuomba na kuurudisha ulipokuwa. Kila mtu alilijua hilo, na bado hakuna aliyeuliza ni nani aliyeuchukua usiku ule. Jamani! Walichokuwa wakisubiri ni Makoye akiri tu.

Mzee Mayala, kiongozi wa kanisa, alimfuata kila Jumapili. "Sema tu, mwanangu, tule pamoja," alikuwa akimwambia, na machozi yakimlengalenga. Hakuwa mtu mbaya. Aliamini kwa moyo wake wote kwamba anamwokoa.

Kabla ya hapo Makoye alitengeneza mikokoteni miwili kwa mwezi. Baada ya hapo, hakupata kazi hata ya kubadilisha spoki moja. Akalima mihogo. Akila, alikaa kwenye kigoda chini ya ukingo wa paa, na Mariana ndani, mlango wazi katikati yao.

"Siku moja nilichoka," anasema Mariana. "Nikamwambia, Baba Limi, si ukubali tu yaishe? Akaniangalia. Akasema, nikikubali, Limi ataolewa akiwa binti wa mchomaji. Sikumwambia tena."

Hapo ndipo palipouma. Limi, binti yao wa pekee, alikuwa ameposwa. Kwa desturi ya Ndugu, baba humshika bintiye mkono na kumpitisha kanisani hadi kwa mumewe. Baba aliyetengwa haingii kanisani. Harusi ilisogezwa mara mbili, na upande wa mume ulishaanza kunung'unika.

Mwezi uliopita Mariana alikwenda Geita kuuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Kwenye duka la nafaka, nyuma ya mizani, akaona magunia manne ya mpunga. Midomo yake ilikuwa imeshonwa kwa vipande vya kitambaa cha buluu.

"Nikakisogelea kitambaa kile," anasema. "Ile ni nguo yangu! Mavuno yale kamba za katani zilituishia, nikachana gauni langu kuukuu nikashonea magunia kumi ya mwisho. Yaliingia ghalani nikiyaona kwa macho yangu haya. Sasa gunia lililoungua linafikaje Geita?"

Alimuuliza mwenye duka, naye akajibu bila wasiwasi kwamba aliletewa mwaka jana, mwezi wa nane, na mzee mmoja mrefu wa watu wa kandili, akaweka akisubiri bei ipande. Mariana hakubishana. Alibadilisha michembe yake yote kwa gunia moja. Mwenye duka alimpakilia huku akitabasamu, akidhani leo amempata mjinga.

Jumapili, Mariana aliliburuta gunia hadi mbele ya kanisa akalisimamisha. Wanawake waliomshukuru kwa vitambaa vile siku ya kushona magunia walivitambua, mmoja akapiga yowe.

Valerian, mtunza ghala, ndiye mzee mrefu. Alipiga magoti pale pale. Alikiri kwamba aliuza magunia sitini kwa siri, siku ya kuhesabu ikakaribia, akaogopa, akachoma yaliyobaki. Mkokoteni wa Makoye aliuchukua kubebea kuni za kuwashia moto, kwa sababu ulikuwa karibu.

"Nilidhani atakubali," alilia. "Kila mtu kwetu hukubali. Nilidhani atasamehewe siku ileile na sote tutasahau. Sikujua kama atakataa."

Kanisa lilimsamehe kabla ya jioni, kama desturi inavyotaka. Ila safari hii Mzee Mayala alikwenda naye kwa miguu hadi kituo cha polisi, jambo ambalo halijawahi kutokea Bulyangoko. Kesi inasubiriwa.

Na Makoye? "Nimemsamehe," anasema, kisha anainua kidole. "Lakini funguo za ghala jipya apewe mtu mwingine. Kusamehe si kurukwa na akili."

Mariana anaangua kicheko mpaka anaweka ndoo chini.

Limi anaolewa Jumamosi ijayo. Oda za mikokoteni zimefika saba, na wanaoleta ni walewale waliokuwa wakigeuza nyuso njiani. Wengine wanaleta na kuku. Makoye anapokea vyote na haulizi kitu, ingawa kuna siku, anakiri, hasira humpanda ghafla akiwa amesimama tu.

Baada ya harusi ana jambo moja la kupeleka kwa wazee. Anataka sheria ibadilishwe: anayesema "sikufanya" atafutiwe mashahidi kwanza, na mke asikilizwe.

"Na wakati wanatafuta, aachwe ale na mkewe," anasema. "Wachukue kazi, wachukue salamu, nilivumilia. Ila kila jioni nilimsikia mke wangu anatafuna peke yake mle ndani, kwa kosa la mtu mwingine. Hilo asifanyiwe mtu tena."