Ndege Ina Sumu

Jirani yetu aliharibikiwa na mimba juma lile lile ndege ya kwanza ilipotua kijijini kwetu, na mama yangu anaamini mpaka leo kwamba yeye ndiye aliyesababisha.

Kwetu ni upande wa Mwamapalala. Wakati huo tulihesabiwa watu wa wilaya ya Bariadi, na mkoa wa Simiyu ulikuwa bado haujazaliwa. Zilikuwa enzi za soko huria. Wafanyabiashara binafsi walikuwa wameanza kununua pamba, nami nilikuwa mpimaji kwenye mzani wa mmoja wao. Bwana shamba wetu, Msukuma mwenzetu, alikuwa amepunguzwa kazi na nafasi yake haikujazwa.

Msimu huo kweleakwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, walivamia mtama. Akina mama walishinda mashambani wakipiga madebe, na bado masuke yalibaki matupu. Ndipo serikali ikaleta ndege ndogo ya kunyunyiza dawa. Ilitua mbugani, tulikosawazisha vichuguu na kuondoa ng'ombe. Tulikuwa tumezoea kuziona ndege juu, zikipita kama sindano. Hii ilikuwa na tairi zilizojaa tope jeusi, kama baiskeli zetu.

Afisa aliyekuja nayo hakujua Kisukuma. Mama akasukumwa mbele awe mkalimani, kwa sababu alilelewa misheni na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Masista walimfundisha kwamba kiumbe hai huwa "ana", chombo huwa "kina" au "ina". Hakuwahi kukosea.

Hilo ndilo lililomponza. Afisa alieleza kwamba dawa itamwagwa jioni kwenye migunga wanakolala kweleakwelea. Kisha akasema, "Ndege ina sumu. Mtu asiiguse, na watoto wasiichezee."

Kwa Kiswahili neno ni moja. Kwa Kisukuma ni mawili: mwenye manyoya ni noni, chenye injini ni ndeke. Mama ilibidi achague, akachagua kwa sarufi. Akawatangazia watu kwamba ndeke ina sumu. Nilikuwa nimesimama kando yake na nilielewa hivyo hivyo.

Watu walitii. Mzee mmoja alimchapa fimbo mbuzi wake aliyekwenda kunusa tairi. Afisa alifurahi, akasema kijiji chetu kina nidhamu.

Asubuhi ndege ilikuwa imeondoka, na chini ya migunga kweleakwelea walikuwa wamelala chungu nzima. Jirani yetu, mimba yake ikiwa imeanza kuonekana, alipita kwetu na beseni kichwani.

"Mwangaluka, mayu!" alimwamkia mama kwa Kisukuma. "Toka ndani, ndeke imetuachia kitoweo."

"Mwangaluka. Hao hawana neno?"

"Yenye sumu si imeshapaa? Imeondoka na sumu yake. Au unaogopa na noni sasa, mtu wa misheni?"

Tulicheka sote. Mama akachemsha maji, wakanyonyoa pamoja, wakakaanga. Nami nilikula.

Kabla jua halijazama tulikuwa tunatapika, mate yakitutoka bila kukoma. Jirani alizidiwa, mumewe akampakia kwenye baiskeli kumpeleka zahanati. Mama alifuata kwa miguu, akijikokota, nami nikimshika mkono. Muuguzi alitutazama macho, akauliza kwa ukali, "Hamkuambiwa ndege wana sumu?"

Mama alisikia ile "wana", akatambua kwamba afisa, kwa "ina" yake, alimaanisha noni. Aliketi chini pale mlangoni.

Mimba ilitoka. Muuguzi alisema huenda ni sumu, huenda ni malaria, kwa kuwa mgonjwa alikuwa na homa pia. Hakuna aliyepima kitu.

Tangu hapo mama alikataa kutafsiri, hata mahubiri kanisani. Kila asubuhi alipeleka uji kwa jirani, hadi jirani mwenyewe akachoka. "Mayu, utaninenepesha kama ng'ombe wa mahari," alimtania. Mama hakucheka. Alichukua kibuyu chake kitupu na kurudi nyumbani.

Baadaye jirani na mumewe walihamia Meatu kutafuta malisho. Siku ya kuaga alimvuta mama kando ya zizi.

"Mayu, nikuambie. Damu ilianza kunitoka siku ile ile tunaitazama ndeke inatua. Noni nilikuwa sijawala."

"Mbona hukusema?"

"Niseme mbele ya wanaume wote wale?"

Mama alirudi ndani akaniambia, "Ananihurumia tu."

Nilimfuata mume wa jirani alipokuwa akifunga mizigo, nikamuuliza kama mkewe alikuwa anaumwa kabla ya ndege kufika. Alisema hapana, siku ile alipiga madebe shambani tangu alfajiri, mzima kabisa. Akafikiri kidogo, kisha akaongeza kwamba mambo hayo ya wanawake yeye haelezwi.