Wiki Mbili Bila Kuongeza Dawa

Mutindi alikuwa dereva wa boza, lori la kubebea maji, huko Kitengela, na kwa miaka minne hakukubali kazi kabla ya kuuliza kama huko anakopeleka maji kuna choo. Wateja walidhani anatania. Ugonjwa wake, vidonda vya utumbo mpana, haukuwa wa kusimulia watu: tumbo linakata, anakimbia, anaona damu, anarudi kwenye usukani akipangusa jasho. Mwanzoni aliambiwa ni amiba, akameza dawa mpaka mdomo ukawa na ladha ya chuma. Ni kamera iliyoingizwa utumboni iliyokuja kuonyesha ukweli.

Dawa alizoandikiwa zilimtuliza kwa muda, kisha zikashindwa. Aliposikia kliniki moja Kajiado inatafuta wagonjwa wa kujaribu dawa mpya, alifika kabla mlango haujafunguliwa.

Muuguzi wa utafiti, Aketch, alimsomea maswali kutoka kwa karatasi ndefu. Umri? Thelathini na tisa. Ugonjwa umethibitishwa kwa kamera? Ndiyo. Mimba, kifua kikuu? Hapana, hapana. Mutindi alijibu haraka, goti likirukaruka chini ya meza.

"Na hizi prednisoloni, hivi vidonge vyako vya kutuliza utumbo, umemeza kiwango kilekile wiki mbili zilizopita?"

Goti likasimama.

Wiki iliyotangulia, mwenye boza, mzee Parsaoti, alikuwa amepata kazi ya kupelekea ng'ombe maji mbali nje ya Isinya. Safari tatu kwa siku, nyika tupu isiyo na choo. Mutindi aliongeza vidonge kutoka viwili hadi sita bila kumwuliza daktari.

"Nikisema sikuongeza?"

"Dadangu, ukidanganya hapa, dawa ikikudhuru hatutajua ni kwa nini."

"Niliongeza. Siku tano."

Aketch akaandika. "Basi leo huwezi kuingia kwenye utafiti. Daktari atakurudisha kwa viwili, ukae hapo wiki mbili bila kubadilisha. Halafu tutaangalia na kamera. Ugonjwa ukionekana ni mdogo, pia huingii."

"Yaani lazima niwe mgonjwa vya kutosha?"

"Ndiyo. Pole."

Wiki hizo mbili hakutulia. Asubuhi moja hakuona damu, na badala ya kufurahi akashikwa na hofu. Dada yake Nzembi, aliyepanga naye nyumba, alimkuta akipangusa kioo cha boza kilichokuwa safi tayari.

"Kwani unaomba Mungu akuponye ama akuzidishie?"

Mutindi alikunja kitambaa upande mkavu. Aliendelea kupangusa.

Siku ya kumi na moja maumivu yalirudi kwa kishindo akielekea Isinya. Aliegesha boza kando ya barabara, akamimina vidonge sita kwenye kiganja. Akaviangalia. Akavirudisha kwenye kopo kimoja kimoja, kisha akampigia Parsaoti.

"Mzee, safari za nyika siziwezi. Niko na ugonjwa wa tumbo. Natoa damu."

Parsaoti akauliza, "Miaka yote hii? Kwa nini hukusema?"

"Niliona haya."

"Leta gari. Dereva mwenzako Lemein atapeleka za mbali. Wewe shika za hapa mtaani."

Wiki mbili zilipoisha, kamera ilionyesha utumbo mwekundu, umejaa vidonda. Daktari alipomwambia amekubaliwa, Mutindi alishukuru, kisha akalia, asijue analilia nini. Aketch alimweleza kwamba wengine watapewa dawa na wengine vidonge visivyo na dawa ndani, na kwamba hakuna atakayejua nani amepewa nini, si mgonjwa si daktari. Alimwambia pia ana ruhusa ya kuacha wakati wowote. Mutindi aliuliza maswali matatu, akauliza la kwanza tena, ndipo akatia sahihi.

Sasa ni wiki ya sita tangu aanze vidonge vya utafiti. Damu imepungua, ingawa siku nyingine inakuja. Kila asubuhi anaandika kwenye simu alivyoamka, na kila asubuhi anajichunguza kama kuna ishara ya kumwambia alipewa nini.

Juzi alimpigia Aketch kumwuliza. Aketch akacheka, akasema hata yeye hajui.

"Haya, sista," Mutindi akasema, akakata. Dakika kumi baadaye akapiga tena, akiuliza tarehe ya kurudi kliniki, na kadi yenye tarehe hiyo alikuwa ameishika mkononi.