Jina Nililoitikia

"Bhoke!"

Nilisikia mwito kabla sijamwona aliyeita. Ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka stendi ya Nyamongo, vumbi la bodaboda bado machoni, na wanawake watatu wakageuka pamoja nami. Wote wakacheka. Mimi nilichelewa kucheka.

Kwa bibi mzaa mama, kule Gorong'a, jina hilo lilikuwa kila mahali, rafiki yangu. Lilikuwa la marehemu mama yake bibi. Lilikuwa langu. Lilikuwa la ng'ombe mwekundu aliyezoea kupiga teke ndoo. Mashine ya kusaga iliandikwa Mama Bhoke, na mama mkubwa wa Migori, ng'ambo ya mpaka, aliliandika bila h akidai sisi ndio tunaokosea. Jirani alisema, "Humu ukiita Bhoke, hata kibuyu cha maziwa kinaitika."

Bibi hakujaliwa mtoto wa kiume. Kwa hiyo alitoa ng'ombe akaoa mke, kama desturi yetu inavyoruhusu, amzalie watoto wa nyumba yake. Mke wa bibi alikuwa binti wa ng'ambo, mwepesi wa kucheka. Tulipura ulezi pamoja hadi makapi yakatujaa nyweleni. Alipojifungua mtoto wa kike, mtoto akalia siku mbili, akakataa ziwa. Bibi akasema mtoto anadai jina. Marehemu wangeitwa mmoja mmoja. Mtoto akinyamaza jina likitajwa, mwenye jina hilo ndiye aliyerudi.

"Mama, mtoto anaungua," mke wake alimwambia. "Niache nimpeleke zahanati."

"Atakwenda akiwa na jina. Akifia njiani bila jina, tutamlilia nani?"

Mimi nilikuwa jikoni nikikoroga uji. Majina matatu yakaitwa, na kila mara kilio kilirudi chembamba zaidi. Nilikuwa nimeacha kukoroga. Ndipo bibi akaita kwa sauti ileile ya kunituma maji: "Bhoke!"

"Abee, bibi!"

Mwiko ukaniponyoka mkononi. Jirani, aliyekuwa ameketi na bibi, akapiga yowe: "Nani kakuita wewe, mdomo kama kengele ya shule!" Bibi hakunipiga. Heri angenipiga. Aliketi chini taratibu, akasema aliye hai ameshaitika, marehemu hawezi tena kuja kwa jina hilo leo. Tungoje kesho.

"Kesho?" Mke wake alimfunga mtoto kifuani kwa kanga. "Kesho ya nani, mama?"

"Ukitoka kabla ya jina, usirudi."

Mtoto alipona, nilisikia baadaye. Kutoka zahanati walivuka mpaka moja kwa moja. Leo pale kwa bibi ni shamba la mahindi, mashine imepakwa rangi nyingine, na vibuyu vimeacha nafasi kwa ndoo za plastiki. Sauti ile ya kunituma maji haipo popote, ingawa miguu yangu bado huigeukia.

Lakini bibi alikufa bila kujua jambo moja. Pale kizingitini mke wake aliinama sikioni mwa mtoto, akanong'ona, "Bhoke, twende." Nilikuwa nimetoka jikoni, hatua moja tu kutoka kwao. Nikajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, vyenye unga wa ulezi. Kilio kikakatika. Bibi, ambaye alikuwa amewapa mgongo, akanyoosha mkono nyuma, akausukuma mlango hadi ukafungika.