Wali wa Siku ya Posho

Tangu tumzike mama, baba alikula vijiko viwili tu kila mlo, kisha alisukuma sahani na kusema ameshiba. Suruali alikuwa anazifunga kwa kamba. Wiki ya sita nikaamua kumpikia wali wa mama, ule wa manjano uliokuwa ukinukia hadi kwa majirani kila siku ya posho, yaani Jumamosi. Mchele wa Luberizi niliupata soko la Kadutu bila taabu. Shida ilikuwa viungo.

Mama hakuviandika popote. Alivinunua vikiwa vimeshachanganywa, katika duka la Mhindi pale Nyawera, na kuvihifadhi kwenye kopo moja la maziwa ya unga. Nilipanga kupeleka kopo hilo ili mwenye duka alinuse. Lakini kwetu, kilio kinapomalizika, wanawake wa ukoo huosha kila chombo cha nyumba, na shangazi alikuwa amelisugua kwa majivu mpaka likang'aa. Nilipoingiza pua, lilinuka bati. Alhamisi nikaenda mikono mitupu.

Duka ni refu na jembamba. Kushoto kuna dengu za rangi tatu, achari ya maembe, magunia ya mchele wa mbali. Kulia ni tambi na chupa za sosi nyeusi ambazo Wachina wanaojenga barabara hununua kwa katoni. Viungo vimepangwa nyuma ya kaunta, katika makopo makubwa ya plastiki. Harufu hiyo ndiyo iliyokuwa ikirudi nyumbani ndani ya kitenge cha mama. Nilisimama mlangoni, nikawazibia watu njia.

"Ingia, maman, kunusa ni bure," mwenye duka aliniambia. Ni mzee wa ndevu nyeupe, mzaliwa wa hapa hapa. Kiswahili chake ni cha Bukavu kama changu.

Nilimweleza ninachotafuta. Akanifungulia kopo baada ya kopo: iliki, karafuu, mdalasini, bizari. Kila kimoja kilinikumbusha wali ule kidogo, na hakuna kilichokuwa chenyewe. Kwenye la saba nilipiga chafya.

"Pua imechoka," alicheka. "Maman yako iko namna gani?"

"Mufupi. Kitenge ya kijani. Alikuwa anakuyaka siku ya posho, na anabishanaka sana."

"Huyu! Alikuwa ananiambiaka bizari yangu iko na vumbi kupita barabara ya Luhwindja! Iko wapi siku hizi?"

"Alikufa, papa."

Aliweka kifuniko mezani. "Pole. Pole sana, mutoto wangu." Kisha akatikisa kichwa. "Lakini hakukuwa ananunuaka hivi. Siku ya posho tunaosha makopo. Mbele ya kuosha, anakuya na karatasi yake, tunamumwangia yote yenye ilibakia chini."

"Yote pamoja?"

"Yote. Kila posho ilikuwa namna ingine."

Miaka yote hiyo tuliwaringia majirani kwamba siri ya wali ule ni ya mama peke yake. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mchanganyiko niliokuja kuutafuta haukuwahi kuwapo mara mbili.

Jumamosi nilirudi mapema, kabla hawajaosha. Nilikunja karatasi kwa umbo la bakuli na kuishika kwa mikono miwili, naye mzee akapindua makopo moja baada ya jingine, akiyagonga vitako kwa kiganja. Nilijiuliza mama alikuwa akisimama upande gani wa kaunta, na kama walikuwa wanaongea au wananyamaza wakati vumbi lile likishuka. Mzee alipofika kwenye karafuu aligonga mara moja zaidi.

Mchana nilimwekea baba sahani. Alikula kijiko cha kwanza, cha pili. Cha tatu kikasimama hewani.

"Karafuu iko mingi," alisema.

"Nikutolee?"

"Acha. Maman yako naye, kuna posho zingine alikuwa anaharibu hivi. Na posho zingine mudalasini tu, kama dawa. Nilikuwa ninakula, ninanyamaza."

Kwa hiyo alijua. Sisi watoto tulikuwa tumekula chakula kimoja, yeye alikuwa amekula vingi, na vyote alivikumbuka.

Alimeza kijiko kile, akachota kingine, akilalamikia karafuu polepole hadi sahani ikafika nusu. Mimi ndiye niliyeshindwa kula.